Siku moja maishani mwangu: mhudumu wa mgahawa wa Kituruki hapa Tanga

Saa 11 na nusu alfajiri
Nikishaswali sirudi kitandani, nikirudi tu siku imeharibika. Natoka Makorora na baiskeli mpaka Deep Sea kwenye soko la samaki, maana nikiwa zamu ya asubuhi mi ndo naenda na Usta kuchagua samaki. Usta ndo tunavomwita mpishi wetu mkuu, Mturuki wa mji wa Adana, alikuja nchini kupikia kambi ya mafundi enzi zile kampuni ya Kituruki ya Yapi Merkezi wanajenga reli ya SGR kipande cha Dar mpaka Morogoro, akaja Tanga kutembea akanogewa, na Tanga mnaijua. Pale sokoni anawaamkia wazee wote shikamoo, afu ndo anaanza kufunua mashavu ya samaki mmoja mmoja. Shavu likiwa limefifia anamrudisha chini bila maneno. Leo tumepata changu wazuri na ngisi, nguru bei ilikua juu tukaachana nae.

Saa 2 asubuhi
Usafi, kupanga meza, kupokea mizigo. Karoti na hoho zimeshuka toka Lushoto, mtindi ni wa Tanga Fresh.

Saa 4 asubuhi
Hapa sasa ndo napapenda. Watu wengi wanadhani Adana kebab ni nyama ya kusaga imechomekwa kwenye mshikaki basi, jamani hapana. Usta hagusi mashine. Anachukua nyama ya kondoo na mafuta ya mkia, na bahati nzuri kondoo wetu wana mikia ya mafuta, anaweka kwenye gogo anakatakata kwa kisu kikubwa kilichopinda, anakibembeza kwa mikono miwili huku na huku mpaka nyama inashikana lakini bado ukiiangalia unaona chembechembe. Anatia hoho nyekundu iliyokatwa ndogo sana na kukamuliwa maji, pilipili nyekundu ya kukausha, chumvi, kwishaa. Hakuna tangawizi, hakuna bizari, na wateja wa hapa hua wanauliza sana hilo. Afu analowesha mkono, anaipaka nyama kwenye chuma kipana bapa, anaibana kwa vidole kuanzia juu kushuka chini, zile alama za vidole zinabaki mpaka inaiva. Ikiwa juu ya mkaa mafuta ya mkia yanadondoka, moshi unarudi kwenye nyama, na hapo ndo ladha yenyewe ilipo.

Saa 7 mchana
Watu wa maofisini, wana haraka, wanataka doner, ile nyama inayozungushwa motoni ikakatwa nyembamba, na soda waondoke. Mi nikimuona mgeni namuanzishia supu ya dengu nyekundu, dengu zimechemshwa na kitunguu na karoti zikasagwa zikawa laini, juu inamwagiwa siagi ya moto yenye pilipili na nanaa kavu, unakamulia ndimu. Sijawahi kuona mtu wa Tanga akaikataa, dengu tumezizoea na ndimu ndo kabisa.

Saa 10 jioni
Tunakula sisi, tunakunywa chai. Mabirika mawili yamebebana, la chini maji yanachemka, la juu majani yanaiva taratibu, unamimina rangi kidogo kwenye kiglasi afu unaongeza maji ya moto kadiri mtu anavotaka. Haiwekwi maziwa.

Saa 1 usiku
Familia zinaanza kuingia na hapa ndo kazi yangu hasa. Nna jambo moja linaniuma kwakweli, watu wetu nyumbani wanakula sinia moja, wakiingia mgahawani basi kila mtu anajikuta na sahani yake na chips zake, wanakula kimya kama wako kwenye mtihani. Chakula cha Kituruki hakitaki hivo, kinataka kuwekwa katikati watu wachovye, wamegeane, wakae.

Leo wameingia baba, mama, mabinti na bibi yao. "Shikamoo bibi." "Marahaba mwanangu, hapa wali upo?" "Upo bibi, wa siagi, una tambi kidogo ndani." Baba kashafungua menyu anataka chips kuku kwa wote. Nkamwambia baba, niruhusu niwapangie katikati, bei haitapanda, akanitazama akasema haya lete. Nikaanza na humus, zile dengu nzima zilizopondwa na ufuta, biringanya ya kuchoma iliyopondwa na mtindi na kitunguu saumu, saladi ya nyanya iliyokatwa ndogondogo, na mkate umetoka tanurini saa hiyohiyo umefura. Bibi ndo wa kwanza kuumega, akachovya kwenye biringanya, akafumba macho akasema "hii imeungua vizuri", na kweli ule moshi ndo wenyewe. Baadae Adana, baadae changu wa kuchoma na vitunguu vibichi vilivosuguliwa na sumac, yale matunda mekundu ya kusaga yenye uchachu.

Ayran hua siileti glasi nzima mara ya kwanza. Ni mtindi, maji na chumvi, na huku maziwa mgando tumezoea kuyatia sukari, kwahiyo naleta kidogo kwa kuonja, na nawaambia wainywe pamoja na nyama ya pilipili, sio peke yake. Binti mkubwa alikunja uso, akala Adana, akarudia ayran, mwisho kaagiza yake. Baba hakuziulizia tena chips na walikaa mpaka karibu saa 4, wanaongea, bibi anawahadithia mambo ya mkonge zamani. Meza kama hiyo ikiondoka mi nakua na furaha ambayo siwezi kuieleza.

Saa 4 na nusu usiku
Baklava zilizobaki, vile vitamutamu vya Kituruki vya matabaka ya unga na sharubati, Usta anatia korosho maana pistachio zinazotumika Gaziantep kule Uturuki, huku ni ghali mno, na mi naona korosho inakaa vizuri tu. Wazee wa kahawa wanamaliza vikombe vyao, kahawa chungu hawafundishwi hao.

Saa 5 na nusu
Hesabu, kufuta meza, kuloweka dengu. Mama yule kabla hajaondoka ameacha oda ya arusi ya ndugu yake, Jumamosi, anataka chote kiwe kwenye masinia, hakuna sahani ya mtu mmoja mmoja. Usta keshapiga simu ya kondoo, mi kesho naenda Ngamiani kutafuta masinia makubwa.