Ubishi wa mkono, Buffalo

Kila ikifika Aprili, ghalani kwetu hapa Buffalo, jimbo la New York, mimi ndiye pekee ninayezungumzia Simba na Yanga, tena nazungumza na ukuta. Wenzangu wote akili iko kwenye drafti, ile shughuli ya siku tatu ambapo timu za NFL, ligi ya mpira wa Kimarekani, zinachagua vijana wa vyuoni, na timu iliyoshika mkia ndiyo inatangulia kuchagua. Ubishi ni uleule kila mwaka: kijana wa kwotabeki, yule anayeshika mpira kwanza na kuamua nani arushiwe, apimwe kwa nguvu ya mkono au kwa kitu kingine?

Mimi nimekulia Tanga, na elimu yangu ya mpira ni ya Mkwakwani. Pale straika mwenye shuti la kuchana nyavu ambalo kila mara linatua jukwaani alizomewa tu, hakuna aliyempima kasi ya shuti. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza nilisimama upande wa akili. Upande wa pili yupo Mkongomani mmoja wa Bukavu tunayefunga naye mizigo zamu ya usiku. Hoja yake ni fupi (na "yaya" kwao ni kaka): "Yaya, akili utamufundisha. Mukono utamutolea wapi?"

Nikamtolea kwotabeki Tom Brady. Mwaka 2000 alichaguliwa wa 199, makwotabeki sita wameshatangulia, na hakuna aliyemsifia mkono. Akaja kubeba Super Bowl, yaani ubingwa wa ligi, mara 7. Tena Buffalo alikutana nayo mara 36, akapoteza mara 3 tu. Nilipofika hapo mzee mmoja wa Kimarekani, dereva wa forklifti, aliweka mkate wake mezani akanitazama. Jina hilo huku halitajwi watu wakiwa wanakula.

Nikaongeza kwotabeki JaMarcus Russell, ambaye Oakland Raiders walimchagua namba 1 mwaka 2007. Mkono wake ulikuwa wa kutisha kwelikweli. Kufika 2010 wameshamwacha, na NFL hakurudi tena.

"Na Josh Allen?" akauliza Mkongomani, huku akifunga boksi kwa gundi bila hata kuinua kichwa.

Huyo ndiye anayeniharibia hesabu. Kijana wa shamba kutoka Firebaugh, California, ambaye hakuna chuo kikubwa kilichomtaka. Alianzia chuo kidogo cha Reedley, kisha Wyoming, na huko pasi zake zilifika kiasi cha 56 tu katika kila 100. Wajuzi walisema kulenga hakufundishiki, ama unako ama huna. Mwaka 2018 Bills, timu yetu ya Buffalo, walitoa nafasi zao kadhaa kwa Tampa Bay ili wapande hadi namba 7, wakamchukua. Msimu wa kwanza akafikisha asilimia 52.8, na mimi nikatembea ghalani kifua mbele. Akaenda kujifunza upya namna ya kusimama, miguu na kiuno, mpaka mkono ukafuata. Mwaka 2020 akafika asilimia 69.2. Tuzo ya mchezaji bora wa ligi kwa msimu wa 2024 ni yake.

Lakini ninachokumbuka zaidi ni usiku wa tarehe 6 Desemba 2021, Patriots, timu ya zamani ya Brady, walipokuja. Upepo wa Ziwa Erie ulikuwa unapiga milango ya ghala mpaka tukaifunga kwa mnyororo, na ile plastiki ya kufungia mizigo ilikuwa inakatika na kuruka kama tanga la ngalawa. Uwanjani kwotabeki wao, Mac Jones, alirusha pasi 3 tu mechi nzima. Tatu! Mengine yote walikimbia na mpira mikononi. Wakashinda 14 kwa 10.

Kesho yake kila mmoja wetu aliidai ile mechi. Mwenzangu akasema, umeona, mkono wa kawaida ukifika Buffalo hata kurusha hauruhusiwi. Mimi nikasema, ndiyo, lakini wameshinda. Januari wakarudi kwa mchujo, baridi ya kuua, Allen akatoa pasi 5 za mabao na Bills wakashinda kwa pointi 47 kwa 17. Nikanyamaza wiki nzima.

Siku hizi naliona jambo hili kwa njia nyingine, na aliyenifungua macho ni mwanangu mwenye miaka 14, anayecheza kwotabeki timu ya mtaani. Upana wa uwanja ni yadi 53. Pasi inayotoka upande huu kwenda kwa mtu aliye ukingoni mwa upande ule inaweza kukupa yadi 12 tu za kusonga mbele, ila hewani imesafiri mara tatu ya hizo, na beki anaiona inakuja kama daladala ya mwisho. Hapo mkono wa nguvu unalipa deni la jicho lililochelewa nusu sekunde. Sasa ukimpa kijana mkopo wa namna hiyo tangu utotoni, ataharakisha kutazama kwa sababu gani? Ndiyo maana ningekuwa mimi ninayechagua, ningemuuliza kijana kwanza ametazama nini kabla ya kurusha. Kisha ningeuliza atachezea mji gani. Akienda kwenye uwanja wenye paa, mkono wa wastani unamtosha. Akija huku, hapana, lazima awe na kitu begani.

Jumapili mwanangu alinirushia uani, upepo ukaugeuza mpira ukaangukia kwenye uzio wa jirani. Nikamwambia arudie, asiutazame mpira, anitazame mimi. Ukaja umenyooka, unazunguka vizuri, ukanipata ncha ya kidole cha shahada. Jumatatu nilibandika lebo kwa mkono wa kushoto. Ndugu yangu wa Bukavu akakishika kile kidole kilichovimba, akakigeuza huku na huku, akacheka mpaka akakaa kwenye boksi.

"Sasa uniambie, yaya. Hii ni akili njo imekuvunja?"