Siku moja na daftari la kliniki ya meno, Mwanakwerekwe, Unguja

Saa 1:00 asubuhi

Mgonjwa wa kwanza anaingia saa 2:30. Saa moja na nusu ya kabla yake ni ya mashine, na msimamizi anayeiruhusu iliwe na foleni ya mapokezi atailipa baadaye.

Tunaanza na maji. Yaliyolala usiku ndani ya mirija ya kiti huotesha utando wa vijidudu, kwa hiyo kila bomba la kiti linafunguliwa dakika 2. Mchana, baada ya kila mgonjwa, sekunde 20 hadi 30 zinatosha.

Kisha autoklevu, mashine ya kuulia vijidudu vya kwenye vyombo kwa mvuke. Mzunguko wa kwanza hauna vyombo, una kipimo tu: karatasi inayotiwa ndani ya kijibomba chembamba na kupigwa mvuke wa nyuzi 134. Ikigeuka rangi yote sawasawa, hewa imetoka. Ikibaki na doa, hewa imekwama, na palipo na hewa mvuke haufiki, hata kama kioo cha mashine kinaonesha nyuzi zile zile. Hapo mashine haitumiki mpaka fundi aje. Mara moja kwa wiki tunaongeza kipimo cha vijidudu hai, kuona kama mashine inaviua.

Kosa ninalolikuta sana kwenye kliniki ndogo ni maji ya kutia humo. Unguja tunakunywa maji yaliyopita kwenye mawe ya matumbawe, yana chokaa. Kila mtu anaijua ile nyeupe inayoganda chini ya birika la chai. Ndani ya autoklevu huziba vali na kuua vipimo vya joto. Maji ya chupa ya dukani hayaponyi, nayo yana madini. Yanatakiwa maji yaliyotoneshwa kwa mvuke, basi.

Saa 2:00

Kikao cha dakika kumi, watu wamesimama. Boksi la dharura linafunguliwa mbele ya wote: adrenalini ya 1 mg kwa mililita, salbutamoli ya kuvuta, aspirini ya 300 mg, sukari, na mtungi wa oksijeni ambao mtu anaufungua kwa mkono wake kuona sindano ya geji inapanda. Kuandika "upo" haitoshi. Mtu mzima aliyeshikwa na mzio mkali anachomwa adrenalini 0.5 mg kwenye msuli wa paja, na msaidizi mpya anaulizwa hilo papo hapo.

Saa 2:30

Fomu ya ridhaa inasomwa kwa Kiswahili, kwa sauti, kabla ya mgonjwa kulala kwenye kiti. Ukimpa kalamu huku kinywa kishaanza kufa ganzi, hiyo si ridhaa. Kwa Sheria ya Mtoto Na. 6 ya 2011 mtoto ni aliye chini ya miaka 18, kwa hiyo shangazi aliyemleta kwa nia njema akitokea skuli anaombwa ampigie simu mzazi au mlezi, na jina, saa na jibu vinaandikwa.

Uzito wa mtoto unapimwa kwa mizani, haukisiwi. Ganzi ya lignokeini ya asilimia 2 ina 36 mg kwenye kichupa cha 1.8 ml. Tukishika kiwango cha 4.4 mg kwa kila kilo, mtoto wa kilo 15 mwisho wake ni 66 mg: vichupa viwili kamili vinapita hapo. Na vichupa hivyo vinataka chini ya nyuzi 25, kwa hiyo kabati ya dirishani haifai kwa joto letu.

Sasa kijambo kidogo ninachokipenda kuliko vyote. Kila pakiti ya vyombo inatoka na kibandiko: tarehe, namba ya mashine, namba ya mzunguko. Msaidizi anaichana pakiti mbele ya mgonjwa, anabandua kibandiko, anakibandika kwenye jalada lake. Sekunde tano. Bila hicho, mzunguko mmoja ukigundulika umeharibika, utalazimika kuwatafuta wagonjwa wa wiki nzima. Ukiwa nacho, unawatafuta wanne.

Saa 5:00

Umeme wa Unguja unakuja chini ya bahari kutoka bara. Waliokuwepo kati ya Disemba 2009 na Machi 2010 wanajua kisiwa kikikaa miezi mitatu gizani kinakuwaje. Ukikatika leo katikati ya mzunguko, vyombo vyote vinahesabiwa vichafu. Vinatolewa, vinatiwa pakiti mpya, vinarudi mwanzo. Kishawishi ni kuendelea pale mashine ilipoishia, maana kiti kinasubiri. Hapana. Na pakiti iliyotoka mbichi nayo ni chafu, kwani karatasi iliyolowa hupitisha vijidudu. Mara nyingi sababu ni trei iliyojazwa kupita kiasi au mlango uliofunguliwa kabla ya kukauka.

Mtu akichomwa na sindano: sabuni na maji yanayotiririka, bila kukamua, kisha dawa za kinga ya VVU haraka iwezekanavyo, zisipite saa 72, kwa siku 28. Namba ya simu ya kituo tunachopeleka imebandikwa juu ya sinki.

Saa 8:00 mchana

Baada ya Adhuhuri na chakula ni karatasi. Usajili wa kliniki uko kwa Bodi ya Ushauri ya Hospitali Binafsi, dawa zinaangaliwa na ZFDA, wakala wa chakula na dawa wa Zanzibar, na mashine ya eksirei iko chini ya Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, ambayo ni ya Muungano. Wengi husahau hii ya tatu, wakidhani leseni ya kliniki imemeza kila kitu. Tarehe zote ziko kwenye ubao mmoja, na uhuishaji unaanza siku 90 kabla.

Beji za mionzi zinavaliwa kifuani na kutundikwa nje ya chumba cha eksirei. Iliyosahaulika ndani itasoma mionzi ambayo hakuna mtu aliyeipata, nawe utaandika maelezo kwa barua. Msaidizi hamshikii mgonjwa filamu kinywani hata mara moja.

Meno yaliyong'olewa yakiwa na kijazo cha zebaki hayaendi kwenye mfuko wa kuchomwa moto, kwa sababu zebaki hugeuka mvuke. Yana chupa yao ya kufunga vizuri. Kwa marekebisho ya 2022 ya Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa zebaki, kijazo hicho hakiwekwi kwenye meno ya utotoni, kwa wenye chini ya miaka 15, wajawazito na wanaonyonyesha, ila daktari akiona ni lazima kwa mgonjwa huyo.

Saa 10:00 alasiri

Risiti za kielektroniki zinalinganishwa na kitabu cha miadi. Michango ya ZSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa Zanzibar, ni ya kila mwezi.

Saa 11:30 jioni

Boksi la sindano lililofika robo tatu linafungwa, halisukumwi kwa mkono. Mlango wa autoklevu unaachwa wazi kidogo. Mwisho, vali ya chini ya kompresa, inayosukuma hewa kwenye vifaa vya kiti, inafunguliwa: kwa unyevu wa hapa hutoka maji, yakiwa na kutu wakati mwingine, na hayo yangeishia kwenye tundu la jino la mtu kesho. Kiasi kinaandikwa, saa inaandikwa, taa inazimwa.