Nilivyoipanga sura ya karafuu kwa ramani ya dhana

Nilikuwa na madaftari yaliyojaa habari za karafuu za Unguja na Pemba, na sura moja ya kuandika katika kitabu cha historia cha sekondari. Kimbunga cha 1872, soko la watumwa lililofungwa 1873, eka tatu tatu za ardhi walizogawiwa wakulima baada ya Mapinduzi ya 1964, makonyo (vikonyo vya karafuu), bei, wachumaji, hata sigara za Indonesia zinazotiwa karafuu. Nikijaribu kuorodhesha vichwa vidogo, kila kimoja kilionekana kinastahili kutangulia.

Ndipo nikakumbuka ramani ya dhana, yaani mchoro unaounganisha dhana kwa mistari yenye maneno. Joseph Novak na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, waliibuni mwaka 1972 wakiwa na shida inayofanana na yangu: mahojiano mengi na watoto kuhusu sayansi, na hawaoni njia nyepesi ya kuonyesha nini kimeungana na nini vichwani mwao.

Ramani hiyo huanza na swali. Langu lilikuwa: kwa nini Pemba, si Unguja, ndiyo iliyokuja kutoa karafuu nyingi zaidi? Nikakata vikaratasi, kila kimoja dhana moja, nikavitandaza sakafuni, vya jumla juu, vya undani chini. Kazi hiyo haikunipa tabu.

Tabu ilikuwa kwenye mistari. Kila mstari lazima uwe na maneno juu yake, ili vikaratasi viwili na mstari wake visomeke kama sentensi. Kimbunga "kiliangusha mikarafuu mingi ya" Unguja. Hiyo ilikuja yenyewe. Lakini kati ya kukomeshwa kwa utumwa, 1897, na Pemba niliandika "kuliathiri". Kuliathirije? Kitenzi hicho nilikipiga marufuku sakafuni pangu, maana kinamruhusu mtu aendelee bila kujua anachosema. Nilirudi kwenye madaftari hadi nikapata cha kuandika: wenye mashamba sasa "walihitaji" wachumaji wa kulipwa, na baadhi yao walivuka kutoka Unguja msimu ulipofika.

Mstari mwingine ulikuwa kati ya bei na mavuno. Bei "ilishawishi" kupanda, sawa, lakini mkarafuu hauzai mwaka unaopandwa. Unangojewa miaka kadhaa. Ikabidi niongeze kikaratasi cha "miaka ya kungoja" katikati, nacho kikazaa aya ambayo haikuwamo katika mpango wowote wa awali. Kwangu hiyo ndiyo aya bora ya sura nzima.

Sigara za Indonesia hazikupata mstari. Zinaeleza habari za soko, hazielezi kwa nini Pemba. Nilizitia kwenye bahasha kwa shingo upande, kwa kuwa wanafunzi wangezipenda.

Ramani haikuambii uanzie wapi, na hapa wengi huiacha. Mimi nilitafuta kikaratasi chenye mistari mingi kuliko vyote, kikawa kimbunga, nikaanzia hapo badala ya asili ya mikarafuu huko visiwa vya Maluku, Indonesia. Kisha nikaipa namba mistari, si vikaratasi, kwa sababu mstari ndio wenye hoja. Takriban kila mmoja ulikuwa aya. Ile inayokatiza kutoka upande mmoja wa ramani hadi mwingine niliiweka mwisho, kwani msomaji lazima awe ameshazijua pande zote mbili.

Baadaye niliichora upya kwa CmapTools, programu ya bure, ili niweze kuituma. Kufikiri bado nafikiri vizuri zaidi nikiwa nimepiga magoti sakafuni.

Mhariri alitaka sura ipunguzwe. Tawi la makonyo na mafuta yake lilishikwa na mstari mmoja tu, nikalikata bila kugusa mengine. Alitaka eka tatu ziondoke pia. Nilimtumia ramani, akaona mistari iliyoziunganisha na mashamba makubwa na wakulima wadogo, akaziacha.