Siku moja maishani mwangu: mkutubi na vijiti vyake

Saa 1:20 asubuhi. Kabla sijatua mkoba nasoma mashine ya mlangoni inayohesabu kila anayepita: 49,102. Jana muda kama huu ilisoma 48,216. Tofauti ni 886. Nagawa kwa mbili, maana mashine hii haimjui anayeingia wala anayetoka, napata 443. Hao si watu 443. Ni mara 443 mtu alipoingia, akiwemo mama wa usafi na ndoo zake, na yule kijana wa mwaka wa pili anayetoka kupokea simu kila robo saa. Kwenye daftari naandika "mara za kuingia", siandiki "wasomaji". Wenzangu wananiona mbishi kwa hilo. Sawa tu.

Ni maktaba ya chuo kimoja hapa Morogoro. Vitabu kama 6,000, wakutubi wawili, na mwezi huu tuna kijana mmoja wa fildi.

Saa 2:00. Chai, chapati, na barua iliyolala mezani tangu jana. Ofisi ya fedha inapendekeza tuache kufungua jioni, yaani saa 12 hadi saa 3 usiku, kwa kuwa "wastani wa wasomaji ni 21 tu kwa jioni moja". Kikao ni Ijumaa. Leo Jumatano. Chapati ilinishinda. Kilichoniuma zaidi ni kwamba hiyo 21 imetoka kwenye daftari langu mwenyewe, nililolipeleka kwa mkono wangu.

Saa 3:00. Hasira haijazi karatasi, kwa hiyo kazi kwanza. Kijana wa fildi amefika. "Shikamoo madam." "Marahaba, chukua kiti." Tunataka kujua ni vitabu vingapi havijaazimwa kwa miaka 5. Kupekua vyote 6,000 ni kazi ya wiki kadhaa, hivyo tunachukua kila kitabu cha 20, jumla 300. Pa kuanzia tumechota kikaratasi kwenye kikombe, ikatoka 7. Kwa hiyo cha 7, cha 27, cha 47, hadi mwisho wa rafu. Kitabu kikishikwa, anafungua karatasi ya mihuri ya tarehe, anaandika mwaka wa muhuri wa mwisho.

Nikamkuta karuka rafu za chini. Eti kuna vumbi.

"Ndiyo maana tunazitaka," nikamwambia. "Kitabu chenye vumbi ndicho tunachokitafuta. Ukichagua vya usawa wa macho, utaniletea maktaba ambayo haipo." Akacheka, akapiga magoti.

Saa 4:30. Kaunta ina foleni. Pembeni ya kompyuta nina daftari dogo ambalo mwenzangu analiita daftari la patupu. Kila anayekuja kuulizia kitabu napiga kijiti: upande huu kapata, upande huu kakosa. Vijiti vinne, cha tano kinavikata, kama tulivyofundishwa darasa la kwanza. Binti mmoja anataka kitabu cha uhasibu wa gharama. Nakala 3, zote ziko nje. Kijiti upande wa patupu. Mfumo wa kompyuta unahesabu kilichoazimwa tu, hauna habari na huyu binti aliyegeuka mikono mitupu. Bila daftari hili angekuwa hajaja kabisa.

Hadi mchana walioulizia ni 19, waliopata 12. Ningeweza kuandika asilimia 63 na ikapendeza machoni, ila kwa watu 19 asilimia inajitutumua bure. Nimeandika 12 kati ya 19.

Saa 5:00. Zamu ya meza: nahesabu vitabu vilivyosomwa humu ndani bila kuazimwa. Kila meza ina tangazo: tafadhali usirudishe kitabu kwenye rafu, kiache hapo. Nafanya hivi saa 5 na saa 10, kwa wiki mbili za kawaida zisizo za mitihani. (Wiki ya mitihani ingenipa namba za kujigamba, lakini ningekuwa najidanganya na kuwadanganya wanaonisoma.) Wanaoniharibia hesabu ni wale wenye adabu nzuri, wanaorudisha kitabu kimyakimya mahali pake. Na nusu ya nyakati wanakirudisha siko.

Saa 7:00. Wali maharage. Nimekula haraka.

Saa 8:00. Sasa barua. Nimefungua daftari la jioni, wiki mbili zilizopita, Jumatatu hadi Ijumaa: 41, 38, 0, 44, 3, 39, 47, 36, 0, 42. Jumla 290. Nimegawa kwa 10, nikapata 29. Hiyo 21 imetoka wapi? Nimekaa nayo dakika nyingi kuliko inavyostahili. Kumbe wamegawa kwa 14. Wamehesabu Jumamosi na Jumapili, siku ambazo jioni tunafunga kwa utaratibu wa chuo chenyewe!

Ningeishia hapo ningekuwa nimeshinda ubishi. Ila hata 29 haikunikaa sawa, kwa sababu hakuna jioni hata moja iliyokuwa na watu 29, wala karibu ya 29. Nikazipanga kutoka ndogo hadi kubwa: 0, 0, 3, 36, 38, 39, 41, 42, 44, 47. Ya katikati inaangukia kati ya 38 na 39. Wastani unavutwa chini na zile tatu za mwanzo. Namba ya katikati haivutwi kirahisi hivyo. Na hizo tatu ni nini? Nikafunua ukurasa wa maoni, mwandiko wangu mwenyewe: umeme umekatika saa 11, umekatika saa 12 na dakika tano, umekatika saa 11 na nusu. Ukiziweka kando, zinabaki jioni 7 zenye watu 287. Ni 41 kwa jioni.

Kwa hiyo chuo hakina tatizo la wasomaji wa jioni. Kina tatizo la taa. Betri na taa chache ni mazungumzo mengine kabisa na kufunga mlango. Kwenye ukurasa wangu nimeweka zote, 21, 29, 38.5 na 41, na jinsi kila moja ilivyopatikana. Ningeleta 41 peke yake ningekuwa nimefanya walichofanya wao, ila kwa upande wangu.

Saa 10:00. Meza tena. Jumla ya leo kwa zamu zote mbili: vitabu 131. Vilivyoazimwa kwenda nje leo: 23. Anayetaka kutupima kwa kuazimisha tu anatuona tunakufa.

Saa 10:40. Kijana kamaliza, magoti meupe. Kati ya 300, vitabu 171 havina muhuri wa miaka 5. Asilimia 57. Kwa sampuli ya 300, kosa la kubahatisha ni kama asilimia 6 juu au chini (unagawa 1 kwa kipeuo cha pili cha 300), basi iseme kati ya 51 na 63. Zaidi ya nusu, kwa vyovyote. Ndani yake kuna rafu niliyoipigania mimi kununuliwa. Muhuri hauoni kitabu kilichosomwa mezani, kweli, lakini sitajificha nyuma ya hilo. Meza nimezipita wiki mbili na vile sijaviona huko. Richard Trueswell, mtafiti wa Marekani, aliandika mwaka 1969 kwamba kama asilimia 20 ya vitabu hubeba asilimia 80 ya kuazimwa. Nilidhani kwetu itakuwa tofauti.

"Na hii tunaiandika madam?" Tunaiandika.

Saa 1:30 usiku. Nimebaki kwa hiari, nione mwenyewe. Nimepita meza kwa meza: watu 40.

Saa 1:52. Umeme umekatika. Mguno mmoja, halafu tochi za simu zikaanza kuwaka, moja moja. Wengine wakafunga mabegi. Saa 2:05 nikahesabu tena, nikifuata mianga: 16 bado wanasoma.

Fomu ya jioni ina kisanduku kimoja tu cha idadi. Nimekikata kwa mstari, juu nikaandika "1:30, taa: 40", chini "2:05, giza: 16".