Taa Zilizofika na Mwezi

Mwaka 2022 nilikuwa na mtumbwi mmoja pale Igombe, jijini Mwanza, kando ya Ziwa Victoria, na vijana wanne wa kuvua dagaa. Mafuta ya taa yalikuwa yamepanda, nikaziuza karabai zangu na kuagiza taa sita za sola kwa muuzaji wa mtandaoni aliyekuwa Kariakoo. Nililipa zote kwa simu. Akaniahidi, "Siku tatu tu mama, mzigo uko Nyegezi."

Asiyeishi na dagaa hawezi kujua siku tatu zile zilikuwa na uzito gani. Dagaa hufuata mwanga. Usiku wa giza ukiwasha taa juu ya maji wanakusanyika chini yake, wavu unawazoa. Mwezi ukishakuwa mkubwa ziwa lote linang'aa, taa haina kazi tena, mitumbwi inavutwa mchangani. Niliagiza giza likiwa limekolea, kwa makusudi.

Siku ya nne: "Upo njiani." Ya sita: "Umeshapanda gari." Nikaomba picha ya risiti ya basi. Kimya. Nilivuka jiji mara mbili hadi stendi ya Nyegezi, nikapita ofisi za mizigo moja baada ya nyingine nikitaja jina langu. Kilichoniuma zaidi ni ule uongo. Angesema kweli, ningeazima karabai mapema. Usiku baada ya usiku vijana wangu walikaa nchi kavu wakitazama taa za wenzao zimetapakaa majini kama mji. Mmoja akahamia mtumbwi mwingine. Sikumlaumu, ana watoto.

Mzigo ulifika siku ya kumi na tano. Risiti ilionyesha umepakiwa juzi yake. Jioni nikampigia.

"Lakini mama, mzigo si umefika? Na mzima kabisa."

"Mwanangu, hebu toka nje uangalie juu."

Nikasikia mlango, kisha kelele za mtaani.

"Naona mwezi tu, mama."

"Basi ndio huo. Ukiwa juu hivyo, hizo taa ni za kuwasha sebuleni."

Nilidai gharama ya kusafirisha na nauli zangu za Nyegezi. Tulivutana siku mbili kwa ujumbe, yeye akitaka kunipa punguzo la oda ijayo, mimi nikikataa. Mwishowe alirudisha gharama ya kusafirisha, nauli hapana, akaandika: "Samahani mama, sikujua kuhusu mwezi."

Taa nikazifunika gunia, tukaanza kuhesabu siku za giza.