Siku mudogo wangu alimaliza mstari

Jana jioni nilikuwa nachambua maharagi na huyu wangu wa mwisho, akaniuliza, "Mama, mjomba alisomea wapi?" Nikamwambia Kabare. Akakataa, eti Kabare kule ni mashamba tu. Nikamwambia njo pale pale, alisomea shambani na akafaulu. Akatosheka, akaenda kulala, mimi sikulala mapema.

Hii ni ya kabla mudogo wangu, huyo mjomba wao, hajaja kukaa kwangu, mama bado ana nguvu zake. Mamasere (masista wa Kikatoliki) walikuwa na shamba upande wa Kabare, karibu na Bukavu huku Kongo, wakaanza kupokea watu wenye ulemavu wa akili, na si watoto, watu wazima wenye ndevu na wamama wakubwa, wale ambao shule iliwarudisha nyumbani zamani na nyumbani hakuna aliyejua awape kazi gani. Mudogo alikuwa amefika umri wa kuoa na kutwa nzima anakaa mlangoni kuangalia wapita njia. Kule wakamfundisha kulima kwa mistari, kuozesha takataka ziwe mbolea, kuchimba mitaro ya kukinga mteremko (wa Bukavu mnajua, mvua moja kubwa tu na udongo wote uko bondeni), na kufuga simbiliki, wale wanyama wadogo wa kula majani kama sungura. Simbiliki ukiwapa majani yenye maji wanaharisha, lazima yanyauke kidogo kwanza. Mudogo hajui kusoma saa, lakini alikuwa anachukua fungu la majani anayaweka shavuni, akisikia bado yana baridi anayarudisha juani. Hiyo ya shavu hakuna mtu alimfundisha.

Mwalimu wao wa shamba alikuwa mama mmoja wa makamo, muda wote na buti zake za plastiki, na alikuwa anafundisha kuanzia mwisho. Maharagi ya kutambaa mitini yanataka sentimita 50 mstari na mstari, 20 shimo na shimo, mbegu mbili mbili. Ukimwambia mtu kama mudogo yote hayo kwa pamoja umemchanganya, atasimama tu. Basi huyu mama anafanya kila kitu mwenyewe, anabakisha cha mwisho: kufukia shimo na kulipapasa kwa kiganja. Wewe unafukia, shimo limeisha, na ni wewe umelimaliza. Ukizoea anakuongezea kile cha kabla yake, kutia mbegu, halafu kuchimba, polepole hivyo hivyo unarudi nyuma mpaka siku unafika mwanzo kabisa, kuivuta kamba na kuifunga kwenye vijiti viwili. Kamba yenyewe ilikuwa na mafundo kila sentimita 20, kwa hiyo hakuna kuhesabu, penye fundo chimba.

Mwezi wa 9, sezoni A (msimu wa kwanza wa kupanda) ndo inaanza, mama na mimi tukapanda gari la Kavumu, tukashuka Mudaka, mengine tukamaliza kwa miguu na sahani yetu ya sombe, majani ya muhogo. Tunafika tu, mudogo anavuta kamba. Peke yake. Mwalimu alikuwa amesimama pembeni mikono mgongoni, hakutusalimia hata, akatuonyesha kwa kidevu tukae.

Akafunga kamba, akaenda fundo kwa fundo, shimo, mbegu mbili, kufukia, kiganja. Anatoa mbegu mfukoni kwa vidole vitatu. Katikati ya mstari akatoa mbegu akakuta ni tatu. Akasimama. Akaangalia shimo, akaangalia mkono, akaangalia tena shimo. Mwenzake wa mstari wa pili akaacha jembe anataka kuja kumsaidia, mwalimu akamshika bega: "Muache, anafikiri." Upande wa Kahuzi mawingu yalikuwa meusi kabisa, upepo umeshaanza kuinua vumbi, na sisi wote tunangojea mbegu moja ya haragi. Mama mkono wake ulikuwa kwenye goti langu, nikasikia unakaza. Miaka yote kijana akikwama kidogo mama anamalizia, kifungo cha shati, kijiko cha mwisho, neno la mwisho la kila anachosema. Ile siku akabana mdomo. Mudogo akafikiri, kwa kweli ilikuwa ndefu, halafu akaweka mbegu mbili kwenye shimo, ile ya tatu akaitia kwenye mfuko wa shati, mbali na zingine, akafunga kifungo. Akafukia. Kiganja. Akaenda fundo la mbele.

Mstari ukaisha na mvua ikatukuta, tukakimbia wote. Mama alilia kwenye gari mpaka Bukavu.

Leo analima, na analima vizuri, jirani wanakuja kumuomba awavutie mistari. Shida iliyobaki ni ardhi. Kuna kipande cha shamba cha marehemu baba, na baba wadogo wanasema mtu asiyejua hesabu ya pesa haachiwi shamba kwa jina lake. Sheria ya Kongo ya haki za watu wenye ulemavu ipo, ya tarehe 3 mwezi wa 5, 2022, nimewaonyesha, lakini kwenye kikao cha ukoo karatasi haimalizi maneno. Na wanachosema hakikosi ukweli, sokoni walimrudishia noti ya 500 mahali pa 5000 akaja nayo nyumbani anafurahi. Mambo ya pesa kule shambani hawakuyafika. Sasa sijui, liandikwe jina lake tumlinde, au liandikwe langu alime yeye, na nikifa mimi je, watoto wangu watamwacha pale?

Kikao ni Jumapili, hapa kwangu. Nimeomba kitu kimoja, mudogo aulizwe yeye mwenyewe, na mtu yeyote asimjibie.