Amplifaya ya bei nafuu: soma adapta kabla ya wati

Amplifaya nyingi ndogo za mtandaoni hutumia chipu ya TPA3116D2, na boksini zimeandikwa wati za kutisha. Usibishane na boksi, piga hesabu. Zidisha volti za adapta kwa zenyewe, kisha gawa kwa omu (ukinzani) za spika zilizozidishwa kwa mbili. Volti 12 kwenye spika za omu 8 ni wati 9 kila upande. Volti 24 ni wati 36, na ukifika wati hizo sauti imeshaanza kukwaruza.

Chaja ya laptopu ya volti 19 inatosha sebule ya kawaida. Pima pini kwanza: tundu la milimita 5.5 huwa na pini ya 2.1 au 2.5, na ikilegea, sauti hukatika kila besi inapopiga. Ukisikia mvumo muziki ukitoka kwenye kompyuta, chomoa chaja ya kompyuta. Ukiisha, tatizo ni waya wa ardhi, siyo amplifaya; tumia Bluetooth.

Kinachoweza kuua chipu hizi ni kuunganisha waya hasi za spika mbili pamoja. Hasi hapa siyo ardhi, nayo inabeba mawimbi ya sauti. Mafundi waliozoea redio za zamani hufanya hivyo sana.

Amplifaya ya Yamaha A-S201 ni ghali zaidi, lakini wati zake 100 kwa omu 8 ni za kweli, na ina tundu la santuri. Kama huna santuri wala spika kubwa, bakiza pesa ununue spika nzuri.